Amri Nilizozisikia Jikoni

Jumanne, 6 Februari

Kaye hii ya kuandikia ameniachia Sista Amparo, pamoja na ufunguo wa salle, ukumbi wa parokia kule Songo, boksi moja la chaki na wanafunzi wake kumi na mmoja wa Kihispania. Jana nyumba ya masista Wahispania hapa Rugenge ilifungwa. Wamezeeka, wameitwa kwao, isipokuwa Sista Amparo ambaye atakaa Bukavu hadi katikati ya mwaka. Nimepika katika nyumba ile miaka kumi na minne. Gari lilipowashwa alishusha kioo akaniambia, "Geneviève, enseña." Fundisha. Nikajibu nilivyojibu siku zote: "Sí, hermana." Ndiyo, Sista. Gari lilipokata kona ndipo nilipojiuliza nimekubali nini.

Mambo yenyewe ni haya, niyaandike yasinichanganye. Mwezi wa sita watakuja madaktari wa macho kutoka Uhispania, kupasua watu wenye mtoto wa jicho. Wanataka wasaidizi wa hapa hapa wanaojua Kihispania cha kazi. Barua yao inasema kusikia peke yake hakutoshi: mgonjwa akishtuka, msaidizi lazima aweze kumwamuru daktari. Ngoja. Angalia. Shusha taa. Mtihani ni mwezi wa tano. Wakipita wanane, kazi ni yao na darasa linabaki. Wasipofika wanane, salle inarudi kwa komite ya parokia, na Papa Achille, prezida wa komite, ameshapima mahali pa kuweka mashine yake ya fotokopi.

Alinikuta nje ya salle, yeye na mita ya kupimia mkononi. "Mama Geneviève," akasema, "tokea lini mupishi akafundisha? Salle iko ya parokia, haiko jikoni."

Nikampita nikaingia ndani. Mtu mwenye mita mkononi hasikii.

Jumamosi, 10 Februari

Aibu. Sista alikuwa na kitabu, na kitabu amekwenda nacho. Nilisimama mbele yao na chaki, nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Chadrack, yule wa pikipiki asiyeweza kukaa dakika tano bila kutania, akauliza "nilikuwa ninakwenda" kwa Kihispania inasemwaje. Sijui. Mwingine akauliza "nitakuja kesho". Sijui.

"Basi Madame," Chadrack akasema, "weye unajua nini?"

Nikawaambia ninachokijua. Lava. Corta. Barre. Cocina. Sube. Baja. Abre. Espera. Osha, kata, fagia, pika, panda, shuka, fungua, ngoja. Nikaendelea hadi pumzi ikaisha. Wakacheka, na Chadrack akapiga meza. Ni Papa Luc peke yake ambaye hakucheka. Huyu ni mzee wa miaka sitini na saba, alikuwa karani wa douane, forodhani, na amekuja darasani kwa sababu mke wake, Mama Agathe, haoni tangu mwaka juzi. Anataka siku ya kupasuliwa yeye awe pale kando ya kitanda.

Nimerudi nyumbani Mulongwe, kando ya mto, nikiwa na hasira hadi nimeunguza maharagwe. Mimi, nimeunguza maharagwe.

Jumapili, 11 Februari

Mvua.

Jumatatu, 12 Februari

Mvua. Mto umejaa lakini uko mahali pake.

Jumanne, 13 Februari

Leo nimegundua jambo na ninalisema bila haya: nimeligundua mimi.

Asubuhi nilikuwa ninachambua ndagala kwenye ungo, samaki huku, mawe na takataka huku. Mkono unachambua wenyewe, kichwa kinabaki huru. Nikaanza kuzitaja zile amri za jikoni moja moja, na nikasikia kwamba zenyewe zimegawanyika mafungu mawili. Lava, corta, cocina, baja, espera: hizi zinaishia a. Barre, abre, sube, na mete ya kutia chumvi: hizi zinaishia e. Nikaacha ndagala, nikaenda kuchukua kaye. Nikakumbuka Sista alivyolitaja kila neno likiwa limelala, bila kumtuma mtu: lavar, barrer, abrir. Lenye mkia wa ar, ukikata r, amri imebaki: lava. Lenye mkia wa er, ukikata r, amri imebaki: barre. Lenye ir linaiga ndugu yake wa er: abrir, abre, subir, sube. Nimejaribu maneno thelathini na mawili. Yanayokataa ni machache, nayo nimeyaweka pembeni na mawe.

Miaka kumi na minne walinituma huku na huku katika nyumba ile, na kumbe walikuwa wananisomesha bila kujua, wao na mimi.

Mchana nilikwenda darasani na ungo. Nilimwaga vikaratasi vya maneno juu yake nikawaambia wachambue. Baada ya nusu saa kila mtu aliweza kutengeneza amri ya neno ambalo hajawahi kulisikia. Chadrack alitengeneza amri kumi bila kutania hata mara moja, mpaka nikadhani anaumwa.

Jumamosi, 24 Februari

Kumbe kujua amri si kuamuru.

Leo tulifanya mchezo wa hospitali. Papa Luc akawa daktari, kwa sababu ya nywele zake nyeupe. Josée akawa msaidizi. Huyu ni binti wa wavuvi wa hapa ziwani, miaka ishirini na mbili, kichwa chepesi kuliko wote. Mgonjwa anapiga kelele, daktari anaendelea kuleta taa karibu na jicho, na Josée inabidi aseme "Espera". Akainamisha kichwa. Akacheka kidogo kwa aibu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Espera-ko, Papa."

Espera-ko! Ile "ko" yetu ya kulainisha, tunayoisema tukiomba maji kwa jirani, ameibandika kwenye Kihispania. Na baada yake wote kumi wakafanya vile vile: abre-ko, mira-ko, baja-ko. Darasa zima linaomba.

"Josée," nikamwambia, "daktari atakuwa ameshachoma jicho la muntu, weye bado unamuomba."

"Madame, minye siwezi. Papa Luc iko sawa na baba yangu. Nitamuamuru namna gani, kama mutoto?"

Papa Luc mwenyewe akamtetea. "Mumuache. Iko na adabu, huyu."

Adabu ndiyo itakayotufelisha.

Jumanne, 27 Februari

Mvua. Watu watano tu.

Jumamosi, 2 Machi

Nimekumbuka kitu kingine. Mimi masista waliniamuru kwa mkato. Lakini akija padri au mgeni mkubwa, amri zilivaa nguo nyingine, mkia unageuzwa: penye a inawekwa e, penye e inawekwa a. Kwangu ilikuwa "pasa", pita, kwa padri "pase". Kwangu "abre", kwa padri "abra". Wakiwa wengi, unaongeza n: pasen, abran. Kwa hiyo Kihispania nacho kina amri ya heshima. Nilidhani nimepata dawa. Nikawaletea darasani kwa furaha: mwambieni Papa Luc "espere"!

Josée akafikiri. "Lakini Madame, bado ni kumuamuru?"

Bado ni kumwamuru, ndiyo. Nikafuta ubao.

Jambo moja ninaliandika hapa tu, darasani sikulisema. Nilipokuwa ninatafuta mifano ya padri, iliyonijia kwanza ilikuwa "coma". Kula. Mezani pale kila mgeni aliambiwa: coma, padre, coma. Nikasema basi mimi ningeambiwaje? Nikageuza mkia nikapata: come. Nimeitoa kwa kanuni tu. Masikio yangu hayajawahi kuisikia. Kwetu hapa mtu akipita mlangoni unakula, hata kama humpendi, unamwambia karibu tukule. Miaka kumi na minne nimepakua chakula kile. Sista Amparo si mtu mbaya, alinitibia mama yangu hadi mwisho. Hakufikiri tu. Na mimi nilikula jikoni, nimesimama, na nikaona ni sawa. Leo sioni ni sawa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua na radi. Ziwa limepanda hadi kwenye kibanda cha muuza mandazi. Espera-ko, espera-ko. Nitawapiga.

Jumamosi, 16 Machi

Papa Achille alikuja kukaa nyuma ya darasa, miguu imekunjwa, kuhakikisha. Alisikia watu wazima kumi na mmoja wakiombana kwa Kihispania. Alipotoka akaniambia kwa upole uliozidi matusi, "Mama, si kosa lako. Kila muntu na kazi yake."

Nimelia njiani. Sikuficha uso.

Jumanne, 26 Machi

Ujumbe kutoka Bukavu. Mtihani ni Jumamosi tarehe 11 Mei. Daktari mmoja atafika, na atakayesimamia ni Sista Amparo mwenyewe. Na wataupima ufundishaji wangu pia. Mtahiniwa wa kumi na mbili ni mimi.

Alipiga simu jioni. "Geneviève, prepara la clase." Andaa darasa. Sí, hermana. "Espera mi llamada." Ngoja simu yangu. Sí, hermana. Nilikata simu ndipo nikaona nilikuwa nimesimama wima katikati ya nyumba yangu, mikono nyuma.

Jumapili, 7 Aprili

Ninaandika nikiwa Songo, ndani ya salle, nimeegemea ukuta, katikati ya watu sitini na vitu vyao.

Jana alfajiri mto Mulongwe ulitoka kwenye kingo zake. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu juzi, na sisi wa bondeni tulijua, tukawa tunasikiliza. Kulipoanza kupambazuka nilisikia mawe yanagongana ndani ya mto, makubwa. Nikafungua mlango maji yakaingia bila hodi. Nilichukua vitu vitatu: picha ya mama, sufuria kubwa, na kaye hii. Kaye nikaiweka ndani ya sufuria, nikafunika, nikaifunga kwa kitenge kichwani. Jirani yangu akaniambia ninaokoa sufuria maji yananifika kiunoni, nimerogwa. Nikamwambia ndani kuna shule.

Chadrack alikuja na wenzake kutubeba sehemu za matope. Pikipiki yake imekwenda na maji. Alisema hivyo mara moja tu na hakutania tena siku nzima. Ukuta wangu wa nyuma umeanguka. Tunashukuru, mtaa wetu hatukupoteza mtu.

Na sasa lazima niandike jambo linalonigharimu. Tulipofika Songo, salle ilikuwa imefungwa, ufunguo wangu uko chini ya matope. Papa Achille alifika akikimbia, shati limefunguka, akavunja kufuli kwa jiwe. Mtu wa mita! Akabeba bibi mmoja mgongoni, akarudi, akabeba mwingine. Mashine yake mpya ya fotokopi ilikuwa imeshaingizwa pembeni ya salle, kwenye katoni yake, Alhamisi, bila ruhusa ya mtu. Akaisukuma nje kwenye mvua ili watoto wapate pa kulala. Nilimwona. Haikumchukua hata sekunde ya kufikiri.

Nikamwambia asante. Akasema, "Ni wiki ngapi mpaka mutihani?" Nikasema tano. Akatazama wale watu sitini. "Basi darasa yako haiko na nyumba, Mama." Hakusema kwa kunikomoa. Alisema kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 9 Aprili

Tunachota matope. Hakuna darasa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nina la kusema leo, na ni la furaha.

Papa wa Josée alitupa nafasi ufukoni, chini ya turubai wanapotengenezea nyavu. Ubao ni ubavu wa mtumbwi mkongwe. Nilikuwa ninaandika "empuja", sukuma, wimbi likaja refu. Ziwa mwaka huu linakula ufuko kila siku, na mashua yao kubwa ilianza kuelea upande. Wanaume wakapiga mayowe. Wote tukakimbia kwenye kamba, wanafunzi na wavuvi. Papa Luc alikunja suruali yake ya ukarani hadi magotini akaingia majini.

Mbele kabisa, kwenye jiwe, alikuwa Josée.

"Vuta!" akasema. "Simama! Papa Luc, inua upande wako! Inua! Ngoja. Ngoja! Sasa vuta!"

Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia. Baba yake alimtii. Baba zake wadogo walimtii. Papa Luc alimtii, aliinua, alingoja, alivuta, na mashua ikapanda hadi kwenye majani. Kisha Josée akashuka jiweni, akarudi kukaa kwenye mkeka, akainamisha kichwa kama kawaida yake.

Nikamwendea. "Josée. Papa Luc haiko tena sawa na baba yako?"

Akashangaa kweli. "Iko, Madame."

"Na umemupigia kelele."

"Pale haikuwe minye. Muntu mwenye iko kwenye jiwe anaona mashua, wenye kuvuta hawaone. Kwetu sisi mwenye kuona njo yeye anasema, hata awe mutoto. Ni mashua njo ilikuwa inasema."

Baba yake akatikisa kichwa kukubali, jambo lenyewe kwake ni la kawaida kiasi kwamba hakuacha kukamua shati. Papa Luc akasema anachukia zaidi kuvuta vibaya kuliko kuamriwa.

Nikawasimamisha wote. Nikawauliza: mgonjwa amelala, daktari ameinamia jicho moja na miwani yake mikubwa. Nani anaona mkono wa mgonjwa ukitetemeka? Nani anaona uso? Josée akatazama lile jiwe. Halafu Chadrack, Mungu ambariki, akasema, "Ni sisi. Sisi njo tuko kwenye jiwe."

Tukaishusha mashua majini tena kwa makusudi, wavuvi wakituona vichaa, na tukaipandisha kwa Kihispania. Tira! Espera! Levanta! Kwa kundi: tiren, esperen, levanten! Kila mmoja alipewa zamu ya kupanda jiweni. Kila mmoja alimwamuru Papa Luc kwa jina. Hakuna hata "ko" moja. Mashua ilipanda mara kumi na moja, na mara ya mwisho watu wa ufukoni walikuwa wanaimba "tiren" nasi.

Jumamosi, 20 Aprili

Tiren. Miguu yangu imejaa malengelenge. Vizuri sana.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Tumeendelea ndani ya mvua.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumefanya mchezo wa hospitali. Josée alimkemea Papa Luc "¡Espere!" hadi mzee akaangusha tochi. Familia za mafuriko zinaondoka salle kidogo kidogo. Papa Achille ameniletea kufuli jipya na funguo mbili, moja akanipa mimi. Mashine yake imekufa. Nilimwambia pole nikiwa ninamaanisha.

Jumamosi, 4 Mei

Wao wako tayari. Mimi siko.

Sista alipiga simu. Niliapa nitasema sentensi moja ya kumwamuru, hata ndogo: espere, hermana, ngoja kidogo nichukue kalamu. Alisema mambo sita, na mara sita nilisema sí, hermana. Nilikuwa ninaandika kwa mkaa kwenye ukuta badala ya kumwambia angoje.

Josée alinikuta pale na ule ukuta. Hakucheka. Akauliza tu, "Madame, jikoni nani alikuwa anaona sufuria?"

Ijumaa, 10 Mei

Papa Achille amepita. Komite imepanga wageni wapewe chakula saa sita mchana, baada ya mtihani. Mpishi ni mimi. "Ni nani mwingine anajua chakula chao?" akasema, bila ubaya, na hakuona kosa lake la kunirudisha jikoni. Kwa hiyo nitafundisha huku ninapika? Nilikaa chini. Kisha nikaanza kucheka peke yangu.

Jumapili, 12 Mei

Jana nilichoka mno, nikashindwa kuandika. Sasa niweke yote.

Hakukuwa na mvua. Sista Amparo alishuka garini na fimbo, amepungua, nikatamani kumkumbatia na kukimbia kwa wakati mmoja. Daktari ni kijana mwenye ndevu nyingi. Kila mwanafunzi aliitwa kando ya kiti, mgonjwa akakaa, daktari akafanya makosa kwa makusudi. Josée alikuwa wa kwanza. Daktari alipoinama na tochi alisema "¡Espere!" kwa sauti ya jiweni, na yule kijana akaruka nyuma na kumwomba radhi. Nje, madirishani, watu walipiga vigelegele. Wa pili akapita, wa tatu, wa nne. Chadrack alimwamuru daktari ashushe taa, aangalie, afungue dirisha, akataka pia kumwambia afagie, nikamkatia jicho.

Papa Luc alikuwa wa mwisho, na mgonjwa wake alikuwa Mama Agathe mwenyewe, aliyeletwa ameshikwa mkono. Taa ilipokaribia akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Inanichoma." Papa Luc akasimama wima. "¡Espere, doctor! ¡Baje la luz! ¡Mire la mano!" Ngoja, shusha taa, angalia mkono. Daktari akatazama mkono wa Mama Agathe, ulikuwa unatetemeka, akazima tochi. Mama Agathe akauliza, "Nani amesema hivyo?" Akaambiwa ni mume wake. "Miaka arobaini," akasema, "sikujua iko na sauti." Nililia pamoja na watu wote.

Kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja.

Kisha Sista akafunga karatasi zake, akaketi, mikono juu ya fimbo. "Sasa, Geneviève. Da..." Amri ile akaikata katikati, akajisahihisha. "Tuone darasa lako."

Nilisikia ile sí, hermana ikipanda yenyewe. Nje, mbabula ya mkaa ya kupikia ilikuwa imeshawaka, maji yako tayari, ndagala wabichi kwenye beseni, vitunguu, nyanya, mawese. Nikamtazama Josée. Sufuria nani anaiona? Ni mimi. Masista hawakuwahi kuiona. Miaka kumi na minne aliyekuwa kwenye jiwe ni mimi, na sikujua.

"Hermana," nikasema, "pase al patio." Apite uani.

Akanitazama. Akainuka.

"Lave el pescado."

Akaosha samaki. Watu wakajipanga ukutani kutazama. Nilimwambia asubiri, amwage maji, aoshe tena, kwa sababu mchanga ulikuwa bado. Espere. Lave. Otra vez. Nilimpa kisu: corte la cebolla. Alikata vipande vikubwa vya ajabu, nikamwambia vidogo zaidi, corte, corte, na machozi ya kitunguu yakamtiririka mashavuni akicheka. Nikamgeukia daktari: pele los tomates. Akamenya nyanya. Nikageuka, Papa Achille amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Papa Achille, lave los platos," nikasema, na darasa zima likamtafsiria kwa pamoja. Prezida wa komite akaosha sahani, akainamia beseni hadi zikang'aa, na nikampenda kidogo. Meta la sal. Tape la olla. Tia chumvi, funika sufuria. Sikupaza sauti hata mara moja. Sufuria ndiyo iliyokuwa inasema.

Daktari aliandika kitu kirefu kwenye karatasi yangu, akapigia mstari mara mbili. Papa Achille, mikono bado inadondosha maji, akatangaza mbele ya wote kwamba salle ni ya darasa, na mwalimu wake ni Madame Geneviève. Alisema Madame. Chadrack akanibeba, mtu mzima mimi, akanizungusha uani.

Walipokaa mezani, miguu yangu ilinirudisha kwenye mbabula. Mazoea ni mabaya. Nilichota ugali kidogo kwenye kifuniko nikabaki nimesimama.

Sista Amparo alikuja na fimbo yake. Akaninyang'anya kile kifuniko. Akanishika mkono hadi mezani, akavuta kiti chake mwenyewe, akanikalisha, akapakua kwanza kwenye sahani yangu, samaki wengi kuliko wa daktari. Mkono wake ulikuwa unanuka kitunguu. Akasimama kando yangu, macho mekundu, na safari hii kitunguu kilikuwa mbali.

"Come, Geneviève," akasema. "Come." Kula.

Ndagala walizidi chumvi kidogo. Nilikula wote, nikaongezewa.